Soksi Zilizoliza Kengele

Mashine ya getini kwetu ina sauti ya mwanamke, na mwanamke huyo hajawahi kunipenda. Unaingia ndani yake kama unayejificha kabatini, unabana kifua ukutani, unatia mikono kwenye matundu mawili, kisha yeye anaanza kuhesabu kwa madaha kana kwamba ana siku nzima. Ukiwa huna uchafu wa mionzi mwilini anasema, "Safi. Pita." Ukiwa nao hasemi kitu, anapiga kengele. Mji mzima wa Port Ainslie unaijua sauti hiyo. Hata watoto wa mjini wakitoka kuoga husimama mlangoni, mikono wameinyoosha, wakingoja mtu mzima awaambie "Safi, pita," ndipo wavae.

Jumanne ile ya mwezi Machi nilikuwa na njaa ya kung'ata ukuta. Mimi ni fundi wa valvu katika kituo cha nyuklia, na tangu asubuhi nilikuwa nimepiga magoti nikifungua valvu moja kaidi iliyogandamana na mahali pake. Njaa yenyewe haikuwa yangu peke yangu. Nilikuwa na mimba inayoingia mwezi wa tatu, na aliyekuwa ndani alipenda mkate na jibini kuliko baba yake anavyopenda mpira wa barafuni. Aliyejua habari hiyo ni huyo baba yake tu, mume wangu Bram, basi.

Si kwamba napenda siri. Mara mbili nimebeba mimba, mara mbili nimetangaza, na mara mbili nikalazimika kuzunguka na kutangua, nyumba kwa nyumba, huku watu wananishika bega na kunipa vyakula vya kupasha moto. Safari hii nilisema hapana. Kazini kwetu mjamzito akijitaja anatolewa ndani na kupewa kazi ya mezani, na ukishapewa meza, Port Ainslie yote inajua kabla hujapata kiti. Kidude cha kupima mionzi ninachovaa kifuani nilikisoma kila jioni, na kila jioni kilikuwa hakina la kuniambia. Nikajipa wiki moja zaidi. Wiki hiyo ilipoisha nikajipa nyingine.

Na kulikuwa na Mama Wilma. Huyo ni mama mkwe wangu, anaishi nasi, kwenye sehemu ya chini ya nyumba, yeye na paka wake Tofi. Mama Wilma anakichukia kituo tangu kilipokuwa shimo la msingi. Mimba yangu ya pili ilipotoka, alisema mezani, mbele ya Bram, kijiko cha supu mkononi: "Ni lile jumba. Nilisema na nitasema, lile jumba litakumaliza." Nilisimama nikaondoka na sahani yangu. Daktari alishatuambia kwamba hakuna uhusiano, lakini maneno ya aina hiyo yakishakuingia hayatoki. Tangu siku hiyo tulikuwa tunasalimiana vizuri na kuongea habari za theluji.

Basi nikaingia kwenye mashine nikiwazia mkate wangu. Mwanamke akahesabu. Kisha akanyamaza, na kengele ikalia.

Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na kile kikatuni cha mtu, nyayo zote mbili zimeiva wekundu.

"Corrie, umekanyaga nini huko, dada?" aliuliza mmoja kwenye foleni.

"Amekanyaga moyo wa Lyle," mwingine akadakia. Lyle ndiye msimamizi wetu, kapera wa miaka hamsini, na alikuwa papo hapo nyuma yangu.

"Moyo wangu hauna mionzi," Lyle akasema. "Una vumbi tu."

Tukacheka wote. Kengele hulia, si ajabu. Mtu anakanyaga tone, anasafishwa, anakwenda kula. Moira Lachance akaja na kipimo chake cha mkononi. Moira ni wa kitengo cha mionzi, na tumekuwa mashoga tangu shuleni. Akanikalisha kwenye benchi, akapitisha kipimo chini ya buti langu la kushoto. Kimya. La kulia, kimya. Akakunja uso, akayavua mabuti yote mawili, akapitisha tena, na kipimo kikaanza kutatarika kama mahindi kwenye sufuria.

"Buti safi, soksi chafu," akasema.

Kicheko kikakatika. Kila aliyekuwa kwenye foleni ile alijua kwamba hiyo ilikuwa kinyume. Ukikanyaga kitu, buti ndilo linalochafuka kwanza. Moira akanivua soksi kwa mkono wenye glavu, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, akanipima miguu mitupu. Ilikuwa safi. Akaenda na mfuko kwenye chumba chake cha pembeni, ambako kuna chombo kinachoweza kukwambia uchafu uliouleta ni wa jamii gani. Nilikaa kwenye benchi peku, kama mtu aliyeibiwa viatu msikitini, nikimsikiliza Lyle akiahidi kwamba chakula changu hakuna atakayekigusa.

Moira alirudi akiwa hana utani usoni. Alimwita Lyle kando, lakini sauti yake naijua hata akinong'ona.

"Ni iodini," alisema.

Sasa hapo lazima niseme jambo moja, maana ndilo lililonikausha mate. Iodini ya aina ile haitembei sakafuni. Inazaliwa ndani ya fimbo za urani, katikati ya kinu cha nyuklia, na kazi ya zege lote lile na vyuma vyote vile ni kuhakikisha kwamba haitoki. Ukiiona nje, jambo la kwanza linalokujia kichwani ni kwamba kuna fimbo imepasuka mahali. Kila nyumba mjini kwetu ina kisanduku cha vidonge kwa sababu yake. Sisi chetu kipo nyuma ya makopo ya kahawa. Vidonge vinaijaza tezi ya shingoni iodini njema, ili ile mbaya ikija ikute viti vyote vimekaliwa.

Lyle akasimamisha kazi zote upande wetu. Akapiga simu chumba cha uendeshaji, wakaanza kupima maji ya kinu, wakavuta hewa ya kila ukumbi, wakaangalia bomba la kutolea hewa nje. Watu wote waliokuwa ndani wakatolewa na kupitishwa kwenye mashine mmoja mmoja. Hakuna aliyelalamika, ingawa ilikuwa saa ya chakula. Hivyo ndivyo tulivyofundwa: tunasimamisha kwanza, tunauliza baadaye. Nimewahi kuwacheka wageni waliodhani kwamba ni maonyesho. Siku ile sikuona la kuchekesha.

Maana jambo la pili lililonijia kichwani, mwenyewe nilikuwa nimelifundisha vijana wapya mwaka hadi mwaka, kwa picha ukutani. Mtoto aliye tumboni huanza kujenga tezi yake ya shingo mwezi wa tatu, na tezi ile changa ina uchu wa iodini. Haichagui nzuri wala mbaya. Inachukua kinachopita.

Niliogopa. Siwezi kulipamba. Niliogopa, mimi niliyekuwa nikiwaita watu wa mjini waoga.

"Moira," nikamwita. "Nina mimba."

Hakuruka wala hakushika kichwa. "Ya lini?"

"Mwezi wa tatu unaanza."

"Haya. Simama, twende." Akanivika ndara za karatasi, akanishika kiwiko, akanipeleka chumba cha kupimia. Njiani akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulipanga kutuambia lini, siku ya ubatizo?"

"Usinichokoze, nitalia."

"Lia, lakini tembea."

Akanikalisha kwenye kiti chenye kipimo kinachosogezwa mpaka shingoni. Kinakaa hapo kimya, kinasikiliza tezi yako, na kinachukua muda wake. Unaambiwa usimeze mate sana, na ukishaambiwa hivyo mate yanajaa kinywa kizima. Nilitazama dari. Nilizungumza na yule wa tumboni, kimoyomoyo, nikimwambia asishike kitu chochote kinachopita, hata kikiwa kitamu.

Lyle akachungulia mlangoni. Alikuwa anahema. "Maji ya kinu safi," akasema. "Hewa safi. Watu wote wamepita, hakuna mwingine aliyelia. Fimbo zote nzima. Kinu hakina habari na wewe, Corrie."

"Basi iodini imetoka wapi?" niliuliza.

Moira alikuwa ameegemea meza, anaangalia ule mfuko wenye soksi. Zilikuwa soksi nene za sufu, za kijivu, mali ya nyumbani. Kituo kinatupa ovaroli na buti; soksi kila mtu na zake.

"Buti limezikuta soksi tayari zina uchafu," alisema taratibu. "Hukuupata ndani. Umekuja nao. Huku hakuna anayekupima unapoingia, tunakupima unapotoka. Kuna mtu nyumbani ametibiwa tezi? Wanawapa watu iodini hii hii hospitalini."

"Hakuna. Bram hata homa haijui."

"Mama mkwe?"

"Yule? Hataki hata kupigwa picha ya jino. Anasema ni mionzi."

Moira akafikiri kidogo. "Una mnyama?"

Hapo nikakumbuka. Tofi, yule paka mzee wa rangi ya machungwa, alikuwa amekonda mwezi mzima. Mama Wilma alimpeleka kwa daktari wa wanyama huko London, siyo ile ya Uingereza, hii yetu ya Ontario, na akarudi naye wiki iliyopita. Nilipouliza aliugua nini, alinijibu, "Koo," akageukia jiko. Tangu siku hiyo sikumwona tena Tofi juu. Nilidhani ni baridi.

"Mpigie simu," nikamwambia Moira. "Mimi hatanijibu vizuri."

Moira akapiga, akaweka sauti wazi. Iliita kidogo tu.

"Mama Wilma, ni Moira Lachance, wa kituoni. Corrie yupo hapa na ni mzima. Nina swali moja la haraka. Paka wako alitibiwa kwa dawa gani?"

Ikaja sauti ya mtu aliyekamatwa na sukari mdomoni. "Kwani kuna nini?"

"Walimchoma sindano ya iodini? Yenye mionzi?"

"Ilikuwa hiyo au afe," Mama Wilma akasema. "Sikutaka mtu anicheke. Miaka yote hii nawasema nyinyi, halafu naenda kumlipia paka dawa ya mionzi hiyo hiyo! Lakini nilifanya kila walichoniambia. Nimemfungia huku chini. Juu hajakanyaga. Nanawa mikono mpaka inachubuka."

"Huko chini ndiko iliko mashine ya kukaushia nguo, siyo?"

"Ndiyo, kwani kuna nini?"

"Na kapu la nguo zikishakauka?"

Tukamsikia akivuta pumzi. "Analala humo," alisema. "Anapenda nguo zikiwa na moto. Bram anakuja kulichukua asubuhi. Soksi, foronya zenu..."

Foronya. Nilikuwa nimezilalia, uso wangu juu yake, wiki nzima. Nilishika kingo za kiti kwa mikono yote miwili, na Moira akaniwekea kiganja begani bila kunitazama.

"Nisikilize vizuri," Moira akasema. "Kuna mtu mwingine amemshika? Watoto wa jirani?"

"Watoto hawaji huku. Na daktari alisema mtoto asimguse na mjamzito asikae naye karibu, nikamwambia kwetu hatuna mtoto na hatuna mja..." Akakatiza hapo. Nilisikia saa yake ya ukutani ikigonga. "Corrie," akasema. "Corrie, mwanangu. Sema hakuna."

Nilitaka kusema. Nikaishia kwenye "Mama..." Na yeye ni mwanamke, ameshazaa, hahitaji kuambiwa jambo mara mbili. Simu ikakatika.

Kisha kipimo cha shingoni kikatoa mlio mmoja mfupi, kumaliza kazi yake. Moira akasogea kwenye kioo cha kipimo akanipa mgongo. Nilimtazama masikio, maana tangu utotoni masikio yake huiva akiwa na habari mbaya. Yalikuwa meupe kama kawaida. Akageuka.

"Hakuna kitu," alisema. "Tezi yako haina zaidi ya ile ya mtu yeyote barabarani. Uchafu ulikuwa kwenye nguo tu, Corrie, na hata kwenye nguo ulikuwa kidogo. Mashine zetu zina kisirani, zinalia hata kwa nywele ya paka. Tutapima mkojo kwa uhakika, na mimi mwenyewe nitakuja kwenu leo kupima nyumba. Lakini kama hakijaingia kwako hakijaingia kwake."

"Sema tena."

"Hakijaingia kwake."

Hapo ndipo nilipolia, tena vibaya, kwa kamasi. Nililia kwa raha. Nilicheka humo humo kwenye kilio, na Lyle, ambaye hajui la kufanya mwanamke akilia, alitoka mbio akarudi na mkate wangu wa jibini. Nikaula papo hapo, kwenye kile kiti. Sijawahi kula kitu kitamu namna ile maishani mwangu.

Sikuwa nimemaliza, walinzi wa geti kuu wakapiga simu. Kulikuwa na bibi mmoja, walisema, amekuja na lori la kusafishia theluji, amevaa kandambili za nyumbani, na anadai aonyeshwe mkwewe.

Nilimkuta kwenye kibanda cha geti. Mama Wilma, ambaye kwa miaka yote hiyo hata barabara ya kituo hakuwahi kuipita, akizunguka kila mara kwa njia ya shambani. Soksi zake zilikuwa zimelowa theluji iliyoyeyuka, na alikuwa amelivaa lile sweta lake la nyumbani lililojaa nywele za rangi ya machungwa. Lori ni la Bram. Sikujua kwamba analiweza. Aliponiona hakunisogelea. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Usinikaribie," alisema. "Nimemshika paka. Nimelisema hili jumba miaka yote, kumbe mimi. Kumbe ni mimi ndani ya nyumba yangu."

"Mama, nimepimwa. Sina kitu. Mtoto yuko salama."

"Unanifariji."

"Sijawahi kukufariji hata siku moja, nianze leo?"

Akatoa nusu kicheko. Kisha akamgeukia Moira, akanyoosha kidole kwenye ile mashine ya geti kuu, dada yake yule wa ndani, mwenye sauti ile ile.

"Hiyo ndiyo inayosema kweli?"

"Ndiyo hiyo, Mama Wilma."

"Nipime mimi kwanza. Nione kama inajua kazi yake."

Hakuna aliyeweza kumzuia. Akaingia na kandambili zake, akatia mikono kwenye matundu kama mtu anayekamatwa, akafumba macho. Mwanamke akahesabu, kisha kengele ikalia mpaka walinzi wakainuka. Kwenye kioo kikatuni kiliiva wekundu kifuani na mapajani, pale pale Tofi anapolala jioni akisikiliza redio. Mlinzi mmoja akakohoa ili asicheke. Mtu aliyekuwa akituita sisi taa za barabarani, kwamba usiku tunawaka, ndiye aliyeiliza mashine ile kuliko sisi sote.

"Inajua kazi yake," alisema Mama Wilma, na hakutabasamu. Moira akamvua sweta, akampa koti la kituo, lenye jina la kituo mgongoni. Alilivaa bila neno. Akapimwa tena, akaambiwa safi, akatoka akasimama pembeni.

"Sasa yeye," alisema.

"Mama, nimeshapimwa ndani, kwa kipimo kikubwa kuliko..."

"Nataka kusikia kwa masikio yangu."

Nikaingia. Nikabana kifua ukutani, ingawa safari hii tumbo nililivuta nyuma kidogo, kwa heshima. Mwanamke akaanza kuhesabu kwa madaha yake yale yale. Kupitia kioo nilimwona Mama Wilma ameshika mdomo kwa mikono miwili, ndani ya lile koti lililomzidi mabega, na midomo yake ikihesabu naye.

"Safi," mwanamke akasema. "Pita."

Nikatoka. Mama Wilma alinishika mikono, kisha mashavu, kisha akaniachia na kumtazama Moira kwa ukali, kama mteja asiyetaka kupunjwa.

"Imewapima wote wawili?"

"Wote wawili, Mama Wilma," akasema Moira. "Walisimama pamoja."